Nani Amebeba Hatari?

Desemba 2023, AT&T ya Marekani iliipa Ericsson kazi ya kuujenga upya mtandao wake wa simu, kwa mkataba unaoweza kufikia dola bilioni 14. Nokia ilipoteza mteja mkubwa na hisa zake zikashuka. Wanahisa wake walikuwa wamekwisha kuchoka. Miezi miwili kabla, kampuni ilikuwa imetangaza kupunguza wafanyakazi hadi 14,000. Wauzaji wakubwa wa mitambo ya mitandao duniani ni wachache, na zabuni anayoshinda Huawei au Ericsson ni zabuni waliyoikosa wenzao.

Ndani ya uchungu wa mwanahisa mna dai: nimehatarisha mali yangu, basi nina haki ya kupata. Dai hilo si la kubezwa. Wanazuoni wa fiqhi walilipima karne nyingi kabla ya masoko ya hisa, wakashika kanuni kwamba faida humfuata aliyebeba dhamana ya hasara. Mwenye kukopesha kwa riba hukataliwa kwa kuwa hataki kuibeba hasara hiyo. Mbia anayekubali kupata na kukosa huruhusiwa.

Kanuni hiyo ikifikishwa Kolwezi, mji wa wachimbaji mkoani Lualaba, Kongo, inauliza maswali magumu.

Shaba ya Lualaba huingia kwenye nyaya, kobalti yake kwenye betri za simu. Kobalti ilipogunduliwa mtaani Kasulo mwaka 2014, watu walichimba viwanjani mwao, wengine hata ndani ya nyumba walimolala. Tarehe 27 Juni 2019, kuta za mgodi wa KCC, ambamo wakati huo Glencore ilikuwa na hisa nyingi na Gécamines, kampuni ya madini ya dola, robo, ziliwaporomokea wachimbaji walioingia bila kibali. Wasiopungua 40 walikufa. Siku hiyohiyo hisa za Glencore zilishuka London, na aliyeogopa aliweza kuuza zake kabla soko halijafungwa. Mlango huo wa kutokea ndio unaotenganisha hatari mbili. Mmoja hupoteza sehemu ya akiba yake na kesho hununua kwingine. Mwingine hufa, na watoto wake hubaki na ada ya shule isiyolipwa.

Hata muuza mitambo ana mlango wake. ZTE ya China iliwahi kumiliki asilimia 51 ya Congo Chine Télécoms na dola la Kongo 49, hadi kampuni hiyo ilipouzwa kwa France Télécom mwaka 2011. ZTE ilitoka katika umiliki huo. Kasulo haihamishiki.

Mfano wa talanta katika Mathayo 25 huhubiriwa mara nyingi kama sifa ya mwenye kuzalisha mali. Ni vigumu kuusoma hivyo tu katika mji wa wachimbaji. Mtumwa wa tatu, aliyeifukia talanta ardhini, anamwambia bwana wake usoni kwamba huvuna asikopanda, na bwana hakani. Anamwadhibu, lakini shtaka lenyewe linabaki bila kujibiwa.

Sheria ya madini ya Kongo ya 2018 imejaribu kujibu kidogo: kampuni itoe angalau asilimia 0.3 ya mauzo ya mwaka kwa jamii zinazozunguka mgodi, na asilimia 10 ya mrabaha iende kwenye mfuko wa vizazi vijavyo. Kwa hiyo mtoto ambaye hajazaliwa amekwisha kutambuliwa kuwa na fungu. Anayeshuka shimoni leo bila kibali bado hana lake, ingawa kwa kanuni ileile anayoitegemea mwanahisa wa Nokia, yeye ndiye angepaswa kutajwa kwanza.