Malaika Anayedai

Wengi wetu tulimjua Thor kwenye filamu kabla hatujasikia lolote kuhusu miungu ya kale ya Skandinavia. Mwaka 2014, katika vitabu vya katuni vya Marvel, Thor alipata dada: Angela, malaika. Odin aliamini binti yake aliuawa na malaika akiwa mchanga. Kumbe yuko hai, na alilelewa na malaika haohao.

Malaika hao wana sheria moja kuu: hakuna cha bure. Hawakusaidii bila malipo, na deni kwao si mchezo. Ati malaika, na anakudai kama mwenye ploti tarehe tano!

Lakini wazo lenyewe si geni. Wahenga wetu walisema mkono mtupu haulambwi. Watu wa Skandinavia ya kale nao walijua kwamba zawadi huita zawadi, na miungu ilitolewa sadaka ili nayo itoe kitu. Sasa swali: ulimwengu ambamo kila mtu hupata sawasawa na alichotoa, ni ulimwengu wa haki?

Unavutia, tuseme ukweli. Unalipa, mnamalizana, hakuna wa kukusimanga. Lakini mtoto mchanga hulipa nini? Angela alibebwa na kulishwa kabla hajawa na chochote cha kutoa. Ama malaika walivunja sheria yao siku ya kwanza, ama walimwandikia mtoto deni ambalo hakulikubali. Vyovyote vile, hesabu inakataa.

Mchanganyiko huu wa imani una hadithi ya zamani zaidi. Katika Saga ya Njáll, iliyoandikwa Iceland karne ya 13, mhubiri Thangbrand anamweleza chifu Hall kwamba malaika Mikaeli hupima mema na mabaya ya watu, na kwa huruma yake huyapa mema uzito zaidi. Hall anavutiwa. Anakubali kubatizwa kwa sharti moja: Mikaeli awe malaika wake wa kumfuata, kama zile roho ambazo watu wake waliamini humwandama mtu maishani.

Hall anapatana bei, ndiyo. Lakini anachotafuta ni mizani inayoegemea upande wake. Anajua ile iliyo sawa kabisa haimwachi mtu salama.

Mizani sawa ni ya sokoni, na huko ukipunjwa sukari, dai haki yako. Aliyekulea hakukupima. Ndiyo maana mzazi akisema, "Nilikusomesha, sasa nilipe," kuna kitu huvunjika ndani, hata kama ulikuwa umeshapanga kumtumia pesa jioni hiyohiyo. Ulitaka iwe zawadi. Yeye ameigeuza kuwa risiti.

Wahenga haohao walisema pia: tenda wema uende zako. Methali ya mkono mtupu inatufundisha kuishi na wateja. Hii ya pili ndiyo iliyotufanya tufike umri wa kuwa na wateja.