Msimuuze Marehemu kwa Bei ya Jeneza

Leo nasema na jamaa ya mtu aliyekufa ilhali hakupaswa kufa. Nasema na mjane wa yule aliyegongwa na matatu iliyokuwa ikikimbizana na nyingine kuwania abiria. Nasema na mama ambaye bintiye aliingia wadi ya uzazi akitembea, akatolewa amefunikwa shuka. Nasema na baba wa kijana wa mjengo aliyeangukiwa na ukuta, na jamaa ya yule aliyechukuliwa na polisi jioni akapatikana mochari asubuhi. Nina neno moja kwenu, na nitalirudia mpaka koo linikauke: msimuuze marehemu wenu kwa bei ya jeneza.

Mnajua biashara hiyo inavyofanyika. Matanga yana siku tatu, kaburi bado halijachimbwa, na anafika mtu mwenye adabu nyingi. Ametumwa na mwenye gari, au na mkandarasi, au na kampuni. Anatoa pole, anaketi na wazee, anainamisha kichwa wakati wa sala. Kisha anasema mwenye mali ameguswa sana, atalipia jeneza, gari la kusafirisha mwili na chakula cha waombolezaji. Ila kuna karatasi kidogo ya kutia sahihi, kuonyesha kwamba mmeelewana. Mjane hajalala siku ngapi, bili ya mochari inapanda kila kukicha, na wazee wanamhimiza akubali yaishe. Anatia kidole gumba kwenye wino. Muhula ukifunguliwa watoto wanarudishwa nyumbani kwa kukosa karo, na ile karatasi inasema familia haina dai lingine lolote, leo wala milele.

Rambirambi zipokeeni. Mtu akileta gunia la mchele, mshukuruni. Lakini karatasi, hapana! Hakuna sheria ya Kenya inayomtaka mfiwa afute madai yake ndipo aruhusiwe kuzika. Karatasi yoyote iliyoletwa matangani na ingoje mpaka wakili aisome. Na ikiwa sahihi imekwisha kutiwa, msikate tamaa, mpelekeeni wakili vilevile, kwa maana mtu ambaye mahakama haijampa usimamizi wa mirathi hana mamlaka ya kufuta madai ya mirathi hiyo.

Najua kuna ndugu atakayesimama na kusema: Mchungaji, haya yalikuwa mapenzi ya Mungu, na kushtaki ni kukosa imani. Ndugu, fungua Biblia yako Kutoka 21. Sheria ya Musa inamzungumzia ng'ombe dume anayepiga watu kwa pembe. Akiua mtu kwa mara ya kwanza, ng'ombe anapigwa mawe na mwenyewe hana hatia. Lakini kama ilijulikana kwamba ng'ombe huyo ana tabia ya kupiga, mwenyewe akaonywa, naye asimfunge, damu iliyomwagika ni juu ya mwenye ng'ombe, naye aweza kutozwa fidia. Mungu mwenyewe ametenga msiba usiozuilika na msiba ambao mtu aliuona unakuja akaufungulia mlango. Nenda Kumbukumbu la Torati 22: anayejenga nyumba mpya ajenge ukuta kandokando ya dari, mtu asije akaanguka na nyumba ikawa na damu. Rudi sura ya 21: maiti ikipatikana kondeni na muuaji hajulikani, wazee watoke wapime umbali hadi miji ya karibu, na mji ulio karibu zaidi uwajibike mbele za Mungu. Katika Israeli maiti haikuzikwa kimyakimya ili watu warudi kwenye shughuli zao. Ilipimwa, ikaulizwa, ikajibiwa.

Sasa niambie kuhusu mtaa wa Huruma. Usiku wa 29 Aprili 2016 jengo la ghorofa 6 lilianguka mtaani humo, Nairobi, wakati wa mvua na kuua watu wapatao 50. Jengo lile lilikuwa limekwisha kuwekwa katika orodha ya majengo ya kubomolewa. Ng'ombe alijulikana! Na Solai, Mei 2018, bwawa la shamba binafsi lilipopasuka usiku na kufagia watu zaidi ya 40, watoto wakiwemo: je, maji yale yalijenga ukuta wake yenyewe? Kumsingizia Mungu uzembe wa mwenye mali ni kulitaja jina lake bure.

Wala msinichanganyie msamaha na fidia. Msamaha ni wako wewe, unatoka moyoni mwako, na hakuna awezaye kukukataza. Fidia ni ya yatima. Waweza kumsamehe dereva Jumapili na kufungua kesi Jumatatu, na pande zote mbili ukawa umemtii Mungu. Binti za Selofehadi walisimama mbele ya Musa na mkutano wote wakadai haki ya baba yao aliyekufa, na Bwana akasema wanena haki. Yule mjane wa Luka 18 alimwendea kadhi asiyemcha Mungu, akarudi, akarudi tena, mpaka kadhi akachoka. Yesu hakumkemea kwa kupenda kesi. Alimfanya mfano wa kusali bila kukata tamaa.

Basi mjane wa leo aende wapi? Ajue kwanza kwamba kesi ni mbili, na moja haimezi nyingine. Kesi ya jinai ni ya serikali dhidi ya aliyekosa. Dereva anayesababisha kifo kwa kuendesha kwa hatari aweza kufungwa hadi miaka 10, lakini kifungo hicho hakimlishi mtoto. Hata hivyo msiikimbie kesi hiyo, kaeni mahakamani kila inapotajwa. Akipatikana na hatia na rufaa zikaisha, hukumu ile ni ushahidi ambao hawezi kuupinga katika kesi ya fidia. Wala ninyi si watazamaji tu: Sheria ya Ulinzi wa Waathiriwa ya 2014 inawapa sauti, na mwaka 2020 Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba mwathiriwa anaweza kushiriki katika kesi ya jinai kupitia wakili wake.

Kesi ya fidia ndiyo yenu. Inasimama juu ya sheria mbili. Sheria ya Ajali za Vifo, Sura ya 32, ni ya walio hai waliomtegemea marehemu: mke au mume, wazazi na watoto. Sheria ya Marekebisho ya Sheria, Sura ya 26, ni ya mirathi ya marehemu mwenyewe: maumivu aliyopata kabla ya kukata roho, na maisha aliyokatiziwa, ambayo mahakama zimezoea kuyawekea shilingi 100,000. Msishtuke kwa udogo wa kiasi hicho, wala asiwadanganye mtu kwamba ndicho chote. Uzito uko katika utegemezi. Hakimu anachukua mapato ya mwezi, anakadiria miaka ambayo marehemu angeendelea kufanya kazi, na sehemu aliyoitumia kwa familia. Fundi aliyeleta shilingi 30,000 kwa mwezi, akakadiriwa miaka 15, na theluthi mbili ya mapato ikahesabiwa kuwa ya mke na watoto: hiyo ni shilingi 3,600,000. Mlipewa jeneza na gari, mkatia sahihi. Mmeona mlichouza?

Bima ya gari inawajibika kumlipa mdai mmoja hadi shilingi milioni 3, na kinachozidi kinadaiwa kwa mwenye gari. Basi bima ijulishwe kwa maandishi kabla kesi haijafunguliwa. Nambari ya gari ikijulikana, mwenye gari aliyesajiliwa anatafutwa katika kumbukumbu za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, asijifiche nyuma ya dereva asiye na kitu.

Nasikia mama akilia: Mchungaji, mume wangu hakuwa na hati ya mshahara, alikuwa akiuza mitumba tu. Mama, futa machozi. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufaa ilikataa kabisa dhana kwamba mapato huthibitishwa kwa hati peke yake, ikasema msimamo huo ungewaonea Wakenya wengi wasioweka kumbukumbu na bado wanajitafutia riziki. Mlete jirani wa kibanda chake. Leta rekodi za M-Pesa, risiti za karo, daftari la chama. Mahakama ikikosa yote, hurejea kima cha chini cha mshahara kilichotangazwa na serikali. Na mama wa nyumbani aliyekufa hakuwa mtu wa bure: huduma yake kwa watoto ina thamani mbele ya sheria.

Hapa nisikilizeni kwa makini, maana hapa ndipo kesi nyingi nzuri hufia. Ili kudai kwa niaba ya mirathi, lazima mtu awe na barua za usimamizi kutoka mahakamani, hata zile za muda zinazotolewa kwa ajili ya kufungua kesi tu. Barua ya chifu inasaidia kuomba, lakini si mamlaka yenyewe. Mwaka 1993 Mahakama ya Rufaa iliitupa kesi ya jamaa walioshtaki bila barua hizo, ingawa uchungu wao ulikuwa wa kweli. Barua kwanza, kesi baadaye.

Na muda! Oh, ndugu zangu, muda! Kesi ya ajali ya kifo ifunguliwe ndani ya miaka 3 tangu siku ya kifo. Ikiwa mliyekosewa naye ni serikali, kama vile gari la serikali au hospitali yake, hesabuni mwaka 1. Mzee wa ukoo anayewaambia mngoje hadi sherehe ya kuondoa matanga, kisha mavuno, kisha Krismasi wajukuu wakutane, hana nia mbaya, lakini anawalia muda wenu. Siku ileile ya msiba mtu mmoja aandikishe taarifa kituoni, achukue nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio, apige picha za mahali pa tukio, aandike majina na simu za mashahidi. Kabla ya kuzika, mwili upasuliwe na daktari na ripoti yake itunzwe. Ombeni ripoti ya polisi ya ajali na cheti cha kifo. Kila risiti ya mazishi iwekwe.

Aliyefia kazini ana mlango wake: Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya 2007, ile mnayoiita WIBA. Madai yanapelekwa kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ndani ya miezi 12, na fidia inahesabiwa kwa mshahara wa miezi 96. Mwajiri asiwaambie marehemu alikuwa kibarua tu.

Aliyefia mikononi mwa tabibu, dai faili lake. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata habari iliyo kwa mwingine ikiwa unaihitaji kulinda haki yako. Baraza la Madaktari humwadhibu tabibu, mahakama ndiyo itoayo fidia, na unaweza kwenda kwa vyote viwili.

Na aliyeuawa na polisi au kufia seli, nendeni IPOA, mamlaka huru inayosimamia utendaji wa polisi, na mdai uchunguzi wa kifo mbele ya hakimu. Msidharau uchunguzi huo. Kisumu, Februari 2019, hakimu aliyechunguza kifo cha mtoto mchanga aliyepigwa katika msako wa baada ya uchaguzi wa Agosti 2017 aliona kwamba maofisa wa polisi, makamanda wakiwemo, wanapaswa kuwajibika. Hilo lilitamkwa hadharani kwa sababu wazazi hawakukubali kunyamaza.

Jihadharini na dalali anayezungukazunguka mochari na kadi ya wakili mfukoni. Wakili wa kweli hamtumi mtu kuwinda wafiwa. Mtafuteni wenyewe, hakikisheni ana leseni ya mwaka huo, ombeni mapatano ya ada kwa maandishi, na mjue fidia imelipwa lini na kiasi gani. Asiye na uwezo aende kwa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, au Kituo cha Sheria, au FIDA, shirika la mawakili wanawake. Wala si lazima Mahakama Kuu: Hakimu Mkuu anaweza kusikiliza madai ya hadi shilingi milioni 20.

Sasa nawageukia ninyi, kaka za marehemu. Sheria ya Ajali za Vifo haikuwataja. Fedha hizi si za ukoo, si za kununulia shamba la boma, si malipo ya mahari mliyotoa. Ni za mjane, wazazi na watoto, pamoja na mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa mnayemficha orodha ikiandikwa. Ole wake anayemfukuza mjane nyumbani ili ashike barua za usimamizi yeye! Manabii wamemkemea mtu kama huyo.

Na sisi wachungaji, tutubu. Tumehubiri mara ngapi kwamba Bwana alitoa na Bwana ametwaa, juu ya jeneza la mtu ambaye Bwana hakumtwaa, bali breki mbovu? Kuanzia sasa kamati yoyote ya mazishi ikiketi kanisani, pamoja na mtu wa hema na mtu wa chakula, ateuliwe mtu wa karatasi, na kazi yake isiishe kaburi likifunikwa.

Wewe unayesoma haya na msiba wako haujatimiza miaka 3, chukua cheti cha kifo, tazama tarehe, hesabu siku zilizobaki. Kesho asubuhi ofisi ya masjala ya mahakama iliyo karibu nawe itafunguliwa. Nenda ukaombe barua za usimamizi.