Kujiandalia Uzee Si Kushindana na Kadari

 

Katika darasa yetu ya hapa Mkokoni limezuka suali ambalo twaona lafaa kujibiwa kwa maandishi. Maadamu umri wa mja umekwisha kuandikwa, kuna faida gani kujishughulisha na afya ya uzeeni? Je, huko si kupungukiwa na tawakali?

Jawabu tunalipata kwa mtu ambaye hapana awezaye kumtuhumu kwa udhaifu wa imani. Tauni ilipoingia Sham, karibu na mwaka wa 18 wa Hijra (639), Sayyidna Umar bin Khattab alikuwa njiani kwenda huko, akaazimu kurudi. Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia kadari. Sayyidna Umar akamfahamisha kuwa kurudi kwake nako kumo katika kadari, kama mchunga awapelekaye ngamia wake penye majani akapawacha pakavu. Basi siku ya mauti haimo mikononi mwetu, lakini mwili ni amana, na mwenye kupewa amana ataulizwa ameitunza vipi.

Na leo suali hili lina uzito kuliko zamani. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, umri wa kutarajiwa wa mtoto azaliwaye ulikuwa kama miaka 50. Leo umepita 60. Wazee wanazidi, na maradhi yao ni ya namna nyingine. Shindikizo la damu laweza kukaa na mtu miaka mingi asihisi lolote, mpaka siku apoozapo upande mmoja. Sukari nayo huingia polepole. Kijana avutaye sigara, akeshaye na miraa, asiyekubali kupimwa damu kwa kuwa haumwi, huyo ameanza kuuharibu uzee wake kabla haujafika. Asiseme kuwa anamtegemea Mungu; Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kujitibu.

Lakini jambo hili si la mtu mmoja peke yake. Mzee wa Mkokoni akizidiwa, hospitali ziko ng'ambo ya maji, Faza na Lamu. Na bahari ya Kusi inajulikana. Twawashukuru Safari Doctors, kundi lililoasisiwa na Bi Umra Omar, ambao huzunguka vijiji vyetu kwa mashua wakileta madaktari na dawa. Twaishukuru pia serikali kwa shilingi 2,000 za Inua Jamii ambazo tangu mwaka 2018 wamewekewa wazee waliotimiza miaka 70. Lakini kwa bei za miaka hii fedha hizo hazijazi petroli hata dumu moja la lita 20. Mgonjwa wa usiku wa manane ni wetu sisi majirani zake.

Na sisi hufanya nini? Tuseme kweli, ijapokuwa ni chungu. Mzee akiwa hai, hukosekana nauli ya kumpeleka hospitali. Akifa, hupatikana mchele, mbuzi na samli za matanga na arobaini. Fedha hizo zilikuwa wapi? Sayyidna Jaafar alipouawa Muuta, mwaka wa 8 wa Hijra, Mtume aliwaamrisha watu wawapikie wafiwa. Sisi tumegeuza: wafiwa ndio wanaotupikia sisi, na pengine kwa deni.

Watasema: mzee ana watoto wake. Kweli, na haki ya wazazi ni faradhi isiyoondolewa na chama wala serikali. Lakini wako wasiojaaliwa watoto, na wako ambao watoto wao wako Mombasa au Arabuni wakitafuta riziki. Na aliyebaki nyumbani mara nyingi ni binti mmoja, naye huuguza peke yake mpaka akaugua yeye. Imepokewa kuwa Sayyidna Umar alimkuta mzee wa Kiyahudi, kipofu, akiomba njiani. Akaamuru apewe posho katika Baitul-mali, kwa kuwa si insafu kula nguvu za mtu ujanani na kumtupa uzeeni. Ikiwa hiyo ndiyo haki ya asiyekuwa Mwislamu, itakuwaje haki ya aliyetufunza kuvua na kusoma?

Kwa hivyo twapendekeza: kila nyumba na kila chombo kitoe kidogo kila bamvua, kiwekwe katika sanduku la msikiti, na hesabu isomwe hadharani baada ya sala ya Ijumaa. Zaka ipewe wanaostahiki zaka; sadaka iwe ya petroli ya mgonjwa, dawa za shindikizo, na kumsaidia anayeuguza. Na tuanze na hili: katika msiba ujao wafiwa wasipike, na iliyokuwa gharama ya karamu iingie sandukuni kwa ajili ya wazee walio hai.