Maji ya Msaada na Jirani Asiye na Fedha

Katika mikutano ya vijiji na mitaa yetu liko swali moja lisilokwisha. Bomba limejengwa kwa fedha za wafadhili, limezinduliwa, wageni wamepigiwa makofi na kuondoka. Baada ya miezi michache kamati hutangaza kwamba kila ndoo italipiwa. Hapo husimama mtu, mara nyingi mzee, akauliza: "Tulipewa bure, mbona twauziwa?" Mwingine humjibu kutoka nyuma: "Asiyetaka kulipa akachote korongoni." Watu hucheka, na mkutano huendelea na mambo mengine. Lakini swali lile halikujibiwa. Kwa sisi Wakristo hilo si jambo la kamati peke yake. Ni jambo la haki na la upendo wa jirani, nasi twaona yafaa tulitazame kwa utulivu.

Yafaa kwanza tukumbuke tulikotoka. Mwaka 1971 Serikali ilianzisha mpango wa miaka 20 wa maji vijijini. Shabaha ilikuwa kwamba ifikapo 1991 kila mwananchi apate maji safi umbali usiozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake. Maji ya vijijini yalikuwa bure, na gharama zilikuwa juu ya Serikali. Mataifa rafiki yalikuja kusaidia, kila moja na mikoa yake: Sweden katika mikoa ya Ziwa Victoria, Finland huko Mtwara na Lindi, Denmark huko Iringa, Mbeya na Ruvuma. Visima vilichimbwa na mashine zikafungwa. Kisha fedha za Serikali zikapungua, dizeli ikakosekana, vipuri vikakosekana, na mashine nyingi zikanyamaza. Mwaka 1991 ulifika, shabaha haikufikiwa. Ndipo mawazo yalipoanza kubadilika. Sera ya Maji ya 2002 ilisema wazi kwamba wananchi wa vijijini ndio watakaobeba gharama za kuendesha na kutunza miradi yao. Sheria ya 2019 iliunda Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, yaani RUWASA, na kuvipa vyombo vya jamii kazi ya kukusanya fedha na kuyatunza mabomba.

Basi tulitazame neno lenyewe, "bure". Fedha za msaada hazidondoki mbinguni kama mana. Sweden ilipogharamia programu ya LAMP hapa Babati katika miaka ya 1990 na ile iliyofuata, aliyelipa alikuwa mfanyakazi wa huko aliyekatwa kodi katika mshahara wake. Tena, mambo mengi tunayoyaita msaada si msaada hata kidogo. Mpango wa ULGSP wa kuziimarisha halmashauri za miji 18, Babati ukiwa mmojawapo, uliidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2012, na fedha zake zilikuwa mkopo. Ni mkopo wa masharti nafuu na wa muda mrefu, lakini ni mkopo. Lami na mifereji tunayoitumia sisi italipwa na watoto wetu na wajukuu wetu. Kwa hiyo, anayesema "ni vya wafadhili, havina mwenyewe," anakosea mara mbili. Vina mwenyewe aliyevitolea jasho jana, na vina mwenyewe atakayevitolea jasho kesho.

Sasa tuyapime yale majibu mawili ya mkutanoni.

Mzee asema maji ni ya Mungu, hayapasi kuuzwa. Hapo kuna kweli kubwa. Mvua inyeshayo juu ya Mlima Kwaraa haina mkono wa kamati wala wa mfadhili. Lakini mvua haitengenezi koki. Mungu hutoa maji. Bomba ni chuma na plastiki, na vitu hivyo huchakaa. Pampu ya dizeli hunywa dizeli. Pampu ya umeme hudai umeme. Hata ile ya jua, ambayo jua lake halina ankara, siku moja itaharibika, na fundi hatalipwa kwa mionzi ya jua. Asiyetaka kuchangia matunzo anaomba maji ya mwaka huu kwa kuyakatia mtoto wake maji ya miaka kumi ijayo. Wahenga walituonya: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Yule wa nyuma asema asiyelipa asichote. Naye ana sehemu ya kweli, kwa maana mwenye uwezo asiyelipa anakunywa jasho la wenzake. Lakini jibu lake lina ukatili ndani yake, nasi twataka kuuonyesha.

Mradi wowote wa maji huanza na hesabu ya watu. Huulizwa: mko wangapi? Wako wajane wangapi, wazee wangapi, watoto wangapi? Nasi huwahesabu wote kwa bidii, kwa sababu idadi kubwa na shida kubwa ndizo zinazomgusa mfadhili. Mama mkongwe anayeishi na wajukuu watatu baada ya wazazi wao kufariki yumo katika karatasi ile. Umaskini wake ulisaidia kulileta bomba. Je, ni haki tumhesabu siku ya kuomba, kisha tumfute siku ya kuchota? Twadhani hakuna mtu mwenye dhamiri atakayesema ndiyo. Kama bomba lilitolewa kwa ajili ya wote, na hasa kwa ajili ya walio dhaifu, basi kumfukuza aliye dhaifu kabisa ni kuichukua zawadi yake na kuifanya yetu. Tuliite kwa jina lake: ni unyang'anyi, ingawa umeandikwa katika kanuni za kamati.

Mtu aweza kutuuliza: mbona umeme hulipiwa kwanza, na hakuna anayelia? Tangu Wakala wa Nishati Vijijini, REA, uundwe kwa sheria ya 2005, nyaya zimefika vijiji vingi, na fedha za nje zimechangia. Mwenye mita ya LUKU akiishiwa, taa huzimika, wala hatusemi dhambi imetendeka. Ni kweli. Lakini mtu aweza kulala gizani akaamka mzima. Hawezi kulala na kiu siku tatu. Na akinywa ya korongoni, kuhara na homa ya matumbo havitabaki nyumbani kwake peke yake. Vitafika pia kwa yule aliyelipa. Si kila huduma ina uzito mmoja mbele ya haki.

Basi tufanyeje? Turuhusiwe kufanya hesabu kidogo ubaoni, kama tulivyozoea. Tuseme kituo kinahudumia kaya 100, na matunzo yake kwa mwezi ni shilingi 200,000. Kila kaya italipa 2,000. Tuseme kaya 8 hazina uwezo kabisa, nazo zikasamehewa. Zile 92 zitalipa kama 2,174 kila moja. Ongezeko ni shilingi 174 kwa mwezi mzima! Hiyo ndiyo gharama ya kutomfukuza jirani. Lakini tuseme kaya nyingine 30 zenye uwezo zinakwepa. Zinabaki 62, na kila moja yapaswa kulipa kama 3,226. Hapo ndipo mradi unapokufa. Hesabu hii yatufundisha kwamba maskini hajawahi kuua bomba. Bomba huuawa na mwenye uwezo anayejificha nyuma ya maskini.

Hivyo twaamini kwamba fedha itolewayo kisimani si bei ya maji, bali ni fungu la matunzo. Na kama ni fungu, kila mtu atatoa kadiri alivyojaliwa, na asiye na kitu atabebwa na wenzake, waziwazi, kwa uamuzi wa mkutano. Tunaongeza neno moja juu ya heshima. Majina ya waliosamehewa yasisomwe mbele ya watu kama ya wahalifu. Wachache wanaoaminika wayajue. Mkutano usomewe idadi tu. Msaada unaomwaibisha mtu ni kama chakula kilichotupwa chini.

Liko jambo jingine, nalo ndilo huwafanya watu wema wakatae kulipa. Hawajui fedha zao ziendako. Katika 2 Wafalme sura ya 12 twasoma habari za mfalme Yehoashi. Aliagiza makuhani wapokee fedha za watu na kuyatengeneza mabomoko ya nyumba ya Bwana. Ulipofika mwaka wa 23 wa kutawala kwake, mabomoko yalikuwa bado. Hakuwafokea watu kwamba ni wagumu wa kutoa. Alibadili utaratibu wa ukusanyaji. Yehoyada kuhani akatwaa sanduku, akatoboa tundu katika kifuniko chake, akaliweka karibu na madhabahu. Fedha zilipokuwa nyingi, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walizihesabu pamoja, kisha zikapelekwa moja kwa moja kwa maseremala na waashi. Tuangalie vizuri: wanaohesabu ni wawili, si mmoja, na fedha zinakwenda kwa fundi, hazizungukizungu. Kamati ya maji yenye sanduku la namna hiyo haitapata shida ya wachangiaji. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Wala daftari hilo lisidaiwe kwa mhasibu wa kijiji peke yake. Kila mwaka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hutoa taarifa, na kila mwaka tunasoma humo habari za miradi iliyochelewa au kugharimu kupita kiasi. Si haki kumbana mama kwa ndoo moja huku tukinyamaza juu ya mabomba yaliyolipiwa na hayakulazwa. Anayetudai uaminifu katika shilingi mia naye autende katika milioni mia.

Wengine husema watu wetu hawawezi kutunza kitu cha pamoja. Wilaya yetu yenyewe inawakanusha. Katikati ya miaka ya 1990 msitu wa Duru-Haitemba ulikuwa ukikatwa ovyo, na mpango ulikuwa Serikali iuchukue. Badala yake vijiji vinavyouzunguka vilikabidhiwa kuulinda. Vikaweka sheria ndogo na walinzi wao wenyewe, na msitu ukaanza kupona. Msaada wa Sweden ulikuwapo, lakini mfadhili hakulala msituni. Waliolala ni wenyeji, kwa sababu waliambiwa, "Huu ni wenu."

Wafadhili huondoka. LAMP ilikwisha. Mwaka 2025 Marekani ililifunga shirika lake la misaada, USAID, na miradi katika nchi nyingi ikasimama ndani ya wiki chache tu. Sisi wa Sigino, ambao kwa ramani tumo katika Halmashauri ya Mji wa Babati na kwa jembe tu wakulima wa mahindi na mbaazi, tusingoje tangazo la namna hiyo ndipo tujifunze.

Katika Yohana sura ya 4 Bwana wetu aliketi kwa uchovu kando ya kisima cha Yakobo. Kati ya Yakobo na siku ile kulikuwa na zaidi ya miaka elfu moja. Kisima hakijitunzi muda wote huo. Wako watu waliokitunza kizazi baada ya kizazi, na majina yao hayakuandikwa popote. Kwa ajili yao, mwanamke yule wa Samaria alikikuta kisima kina maji, na Bwana aliyechoka akapata pa kumwomba mtu maji ya kunywa.

Basi mkutano ujao wa maji usitukose. Tukifika, tuulize maswali mawili: daftari liko wapi, na ni kaya ngapi kati yetu zinabebwa? Mungu atujalie moyo wa kutunza na mkono usiomfukuza jirani.