Ridhaa ya Asiyeweza Kusema

Mtu huingia duniani bila ya neno ila kilio, na wako watoto ambao hata kilio hawana. Mkunga hukitazamia kilio cha kwanza kwa moyo wa hofu, kwa kuwa mtoto aliyechelewa kulia yamkini amekosa hewa au damu katika safari fupi ya kutoka tumboni mwa mama yake, na kiungo kilicho chepesi kudhurika kwa ukosefu huo ni ubongo. Baadhi ya watoto hawa hufa katika siku chache. Wengine huishi na kifafa, au na viungo vilivyopooza, au na akili isiyofunguka. Wengine hupona kabisa, na kwa macho matupu hapana awezaye kupambanua siku ya kwanza yupi atakuwa yupi.

Juu ya watoto hawa pana swali ambalo nataka kulitia mizanini mbele ya wasomaji: je, ni halali kumfanyia utafiti mtu ambaye hawezi kukubali wala kukataa? Mimi si tabibu. Kazi yangu ni kufundisha Kiswahili. Lakini swali hili halikai hospitalini peke yake. Sehemu yake kubwa imo katika neno ridhaa, na juu ya maneno nina haki ya kusema.

Ubongo ulionyimwa hewa haufi wote mara moja. Baadhi ya chembe zake hufa papo hapo. Nyingi huzimia, kisha, mtoto akisaidiwa kupumua, huonekana kama zilizopata nguvu. Muhula huo wa nafuu ni wa saa chache tu. Baada ya saa sita hivi nguvu za chembe huanza kuporomoka mara ya pili, na maangamizi ya mara hii aghalabu hupita yale ya kwanza. Pamoja nayo huja mwako. Ubongo una walinzi wake, chembe ndogo ambazo Mhispania Pío del Río-Hortega alizipambanua na kuzipa jina la maikroglia mwaka 1919. Wakati wa amani kazi yao ni kufagia uchafu na kupogoa viungo visivyohitajiwa kati ya neva, kama mtunza bustani. Wakati wa msiba hugeuka umbo na kumwaga vitu vikali ambavyo ni sumu kwa adui na kwa mwenyeji pia. Mwako huo waweza kudumu majuma mengi, na wako wataalamu wasemao kwamba hudumu miezi au miaka. Ajabu ni kuwa walinzi wale wale baadaye hushiriki katika kutengeneza palipobomoka. Basi mtu hawezi kuamuru tu kwamba wanyamazishwe. Yapasa ajue lini, kwa kiasi gani, na kwa mtoto yupi. Na mambo ya namna hiyo hayajulikani kwa kufikiri peke yake.

Dawa iliyothibitika hata sasa ni moja, nayo ni baridi. Mtoto hupozwa mpaka joto la mwili wake lishuke kufika nyuzi 33 au 34, hukaa hivyo kwa saa 72, kisha hurudishiwa joto polepole. Na kazi hiyo lazima ianze kabla ya saa sita kupita tangu kuzaliwa. Kwa watu wa pwani, ambao humfunika mtoto mchanga na kumkinga na upepo mpaka arobaini yake, dawa hii yasikika kama uadui. (Wala si wa pwani peke yao: Shirika la Afya Duniani lenyewe hufundisha wakunga kumtia mtoto joto.) Hata hivyo majaribio yaliithibitisha. Mawili yalitangazwa mwaka 2005, moja la watoto 234 na moja la watoto 208. Jingine, lililoongozwa kutoka Uingereza, la watoto 325, lilitangazwa mwaka 2009. Mwaka 2013 majaribio 11 yenye watoto 1,505 yalipojumlishwa, ilionekana ya kwamba kwa kila watoto saba wanaopozwa, mmoja huokolewa na kifo au ulemavu mkubwa. Mmoja katika saba si haba. Walakini ili ijulikane hivyo, mamia ya watoto ilibidi wapigiwe kura, baadhi wapozwe na baadhi wasipozwe, na hapana hata mmoja wao aliyeulizwa.

Mwaka 1947, baada ya kuhukumiwa madaktari wa Kijerumani waliowatesa wafungwa kwa jina la elimu, mahakama ya Nuremberg ilitoa kanuni kumi, na ya kwanza yasema kwamba ridhaa ya hiari ya mtu anayejaribiwa haina budi kabisa kuwapo. Kanuni hiyo ilizaliwa katika damu, nami sithubutu kuidharau. Lakini ikishikwa neno kwa neno, mtoto mchanga hawezi kufanyiwa utafiti wowote milele. Azimio la Helsinki la mwaka 1964 lililegeza fundo hilo kwa kumruhusu msimamizi wa kisheria kuridhia. Kulegeza fundo si kulifungua. Nani aliyempa msimamizi mamlaka ya kuhatarisha kisichokuwa chake?

Wako watu wema wajibuo: waacheni watoto, watibuni kwa huruma, wala msiwajaribu. Jibu hili ni tamu, na madaktari wengi walilifuata zamani bila ya kujua kwamba wanajaribu. Katika miaka ya 1940 watoto njiti walipewa oksijeni kwa wingi, kwa huruma tupu, kwa kuwa walionekana kupumua vyema na kupata rangi nzuri. Hapakuwa na kundi la kulinganishia. Watoto wapatao 10,000 walipofuka kabla ya jaribio la mwaka 1953 na 1954 huko Marekani kuonyesha kwamba mpofushaji ni oksijeni ile ile iliyozidi kipimo. (Kisha, nalisema hili kwa kupita, hofu ya oksijeni ilipozidi nayo, wengine wakanyimwa mno, wakafa au wakadhurika ubongo.) Watoto hao nao hawakuulizwa. Tofauti yao na watoto wa utafiti ni kuwa jaribio lao halikuwa na daftari, kwa hiyo msiba wa wa kwanza haukumfaa wa pili, wala wa mia haukumfaa wa elfu.

Mfano ulio karibu zaidi, na mchungu zaidi, ni wa mwaka 2021. Baridi ilipokwisha thibitika katika nchi tajiri, ilionekana dhuluma watoto wa nchi maskini waikose. Jaribio dogo la watoto 36 lilikuwa limefanywa Mulago, Kampala, likatangazwa mwaka 2008. Chupa za maji zilitumika mahali pa mashine, lakini hesabu ile ilikuwa ndogo mno kuamua neno. Ndipo likaja jaribio liitwalo HELIX, katika hospitali saba za India, Sri Lanka na Bangladesh, la watoto 408. Mwenye moyo angeweza kuuliza: yawezekanaje nusu ya watoto hawa wanyimwe dawa iliyokwisha thibitika? Matokeo yalikuwa haya. Katika waliopozwa walikufa 84, yaani asilimia 42. Katika wasiopozwa walikufa 63, yaani asilimia 31. Kifo na ulemavu vikijumlishwa pamoja, baridi haikuleta nafuu yoyote. Walionyimwa ndio waliosalimika zaidi.

Namwomba msomaji akae hapa kidogo. Lau madaktari wale wangalifuata huruma yao peke yake, wangaliwapoza wote, wafu wangaliongezeka, na kila mama angaliambiwa kwa unyofu kwamba mwanawe alipewa dawa bora ya ulimwengu. Uongo ule usingalikuwa na mwongo.

Juu ya sababu wataalamu hawajaafikiana. Moja inayotajwa ni ule mwako: yamkini mtoto ambaye mwako umemwanzia tumboni, kwa maambukizo ya mama au ya kondo la nyuma, si sawa na yule aliyekosa hewa ghafula. Mwaka 2014 ilionyeshwa kwa panya wachanga kwamba kupozwa, ambako huwalinda wakikosa hewa tu, hakukuwalinda walipokuwa wametangulia kutiwa sumu ya bakteria. Panya si mtoto, ndiyo maana nasema yamkini. Lakini ujuzi uliopatikana kwa mtoto wa London si lazima umfae mtoto wa Dhaka, na kumnyima huyu wa pili utafiti wake mwenyewe kwa kisingizio cha kumhurumia ni kumwacha atibiwe kwa kubahatisha.

Sasa narudi kwenye neno. Ridhaa ni ndugu wa radhi. Kuridhia ni kukubali. Lakini radhi ni kitu ambacho mwana hukiomba kwa mzazi, na aliyekosa radhi za wazazi huhesabiwa mtu wa hasara. Na "niwie radhi" ni maneno ya aombaye kusamehewa. Kukubali, kubariki na kusamehe vimetoka katika shina moja. Wanasheria wasemapo kwamba mzazi huridhia badala ya mtoto, husema kana kwamba mtoto anayo ridhaa yake mahali fulani, na mzazi ni mjumbe tu wa kuifikisha. Sioni hivyo. Mtoto mchanga hana ridhaa ya kupelekwa na mjumbe. Mzazi hutoa yake mwenyewe, akijua ya kuwa siku moja huenda akahitaji kumwambia yule mtoto: niwie radhi. Hapo mwendo wa radhi hugeuka, ukatoka kwa mwana kwenda kwa mzazi.

Kwa maoni yangu hicho ndicho kipimo. Jaribio la halali ni lile ambalo mzazi na mtafiti waweza kumweleza mtoto huyo akiwa na miaka ishirini, mzima au mlemavu, bila ya kumficha lolote: kwamba siku ile hapana aliyejua lipi bora, kwamba yaliyoweza kujulikana kwa panya na kondoo yalitafutwa kwanza, kwamba katika kila kundi watoto walitunzwa kwa bidii moja, kwamba watu wasiokuwa na faida katika jambo lile walikuwa wakihesabu vifo njiani, nao walikuwa na uwezo wa kuisimamisha kazi. La haramu ni lile ambalo maelezo yake lazima yaanze na "wazazi wako walikuwa maskini" au "mama yako hakujua kusoma."

Nitaambiwa ya kuwa mtoto aliyekufa hafikii miaka ishirini, wala hamwii mtu radhi. Ni kweli. Deni la huyo hulipwa, kama laweza kulipwa, kwa kuyatangaza matokeo hata yasipompa mtafiti fahari. Mwaka 2022 ilitangazwa kutoka Marekani, baada ya jaribio la watoto 500, kwamba erithropoetini, iliyotumainiwa sana kuulinda ubongo, haikuongeza faida juu ya ile ya baridi. Habari kama hizo hazimletei mtu sifa, lakini zimewaepusha wengine na sindano za bure.

Limebaki jambo gumu la saa sita. Mama ametoka kujifungua, pengine kwa kupasuliwa, na dawa ya usingizi haijamtoka. Baba yuko njiani. Na karatasi yenye kurasa nyingi yawekwa mbele yake atie sahihi. Ridhaa ya namna hiyo ni ya kalamu, si ya moyo. Katika jaribio la FEAST, lililofanywa Kenya, Uganda na Tanzania kwa watoto 3,141 waliozidi umri wa siku 60 na kutangazwa mwaka 2011, mzazi katika dharura aliulizwa kwa maneno machache kwanza, na maelezo kamili na sahihi yakafuata hatari ilipopungua. (Huko nako ilionekana kwamba kumtilia mgonjwa maji mengi kwa haraka mshipani, desturi iliyotoka nchi tajiri, kuliongeza vifo.) Wako wanaoichukia njia hiyo. Mimi naiona ina unyofu kuliko ile karatasi ndefu, maadamu maneno machache yale yamechaguliwa vyema.

Na hapo ndipo watu wa lugha hutakiwa. Kilifi, ambako kituo cha utafiti kimekuwako tangu mwaka 1989, wazazi huelezwa kwa Kiswahili na Kigiriama. Mtafiti ataka kusema kwamba si yeye atakayechagua kundi la mtoto. Akisema "tutapiga kura," mama huweza kufikiri habari za wabunge. Akisema "bahati nasibu," husikia kamari. Akisema "kompyuta itachagua," hudhani kompyuta yajua lililo jema. Ningependelea aseme: "Mama, hatujui lipi jema zaidi kati ya haya mawili. Kwa hiyo hatutachagua sisi, maana tukichagua tutapendelea. Aangukiaye hili na aangukiaye lile tutawatunza sawa. Nawe waweza kukataa, na mwanao atatibiwa vile vile." Maneno hayo yasemwa kwa nusu dakika, hata kwa mama aliye kitandani.