Gundi Iliyobaki na Mpaka wa Usafi

Anayebandua lebo kwenye chupa ya jemu ili aitumie kuwekea asali au achari hukutana na mabaki ya aina mbili, na mara nyingi huyahesabu kuwa kitu kimoja. Karatasi ikishatoka hubaki kwanza ulimbo unaonata vidoleni, unaokamata vumbi na nyuzi za kitambaa mpaka ukawa mweusi. Ulimbo nao ukishatoka, huenda ikabaki alama, mraba uliopauka au unaong'aa kuliko sehemu nyingine, ambao jicho linauona lakini kidole hakiuhisi. Wengi hawatofautishi. Wataendelea kusugua kwa stili waya, kwa msasa, kwa thina, hadi chombo kionekane kana kwamba hakijawahi kubandikwa kitu, na wakishindwa watakiita kichafu. Ninachohoji ni hukumu hiyo ya mwisho. Je, usafi ni kufuta kila dalili ya kilichokuwapo, au ni kuondoa kinachozuia? Mafaqihi walilifikia swali hili karne nyingi kabla ya lebo za kujibandika, na jibu lao, kila ninapolipima, naliona sahihi hata kwa mtu asiyeswali: deni letu ni kuondoa kizuizi, na kinachozidi hapo ni hiari, tena hiari yenye gharama.

Tuanze na ukali wao, maana upo. Katika Sahihi ya Muslim imepokewa habari ya mtu aliyetawadha akaacha mahali padogo kama ukucha mguuni mwake, na Mtume (s.a.w.) akamwamuru arudi akautengeneze udhu wake. Hakuambiwa kwamba udogo wa mahali pale unamwokoa. Imamu Nawawi, faqihi wa Kishafi aliyefariki mwaka 1277, anaifuata njia hiyohiyo katika kitabu chake cha Majmuu: mwenye nta, unga uliokandwa au hina iliyoganda kwenye kiungo cha udhu, vikazuia maji yasiifikie ngozi, udhu wake haukusihi, viwe vingi au vichache. Lakini palepale anaongeza kwamba hina ikishabanduka ikabaki rangi yake tu, au mafuta yakaacha utelezi huku maji yakiigusa ngozi na kupita juu yake, udhu ni sahihi. Bibi harusi wa Lamu au Unguja anaijua sheria hii bila kufungua kitabu. Hungoja hina ikauke, huikwangua, kisha huswali na mikono yake myekundu. Ila rangi ya kucha, hata ile isiyo na rangi, humbidi aitoe kwanza. Tazama mizani ilivyowekwa. Wekundu wa hina, unaoonekana kutoka upande wa pili wa barabara, umeruhusiwa. Utando usioonekana kabisa umekatazwa. Jicho halikupewa uamuzi. Kilichoulizwa ni kama maji na ngozi vinakutana.

Mlango wa kuondoa najisi unafika mahali palepale kwa njia nyingine. Abu Daud amepokea kwamba Khaula binti Yasar aliuliza kuhusu nguo yenye damu ya hedhi ambayo alama yake haitoki, akajibiwa kwamba maji yanamtosha na alama haimdhuru. Wapo wanahadithi walioutia dosari upokezi wake, ila maana yake imekubalika katika fiqhi. Mashafi wameiwekea mipaka ya kina: rangi peke yake ikiwa ngumu kutoka husamehewa, na harufu peke yake vilevile, zikibaki zote mbili mahali pamoja hazisamehewi, kwa kuwa hiyo ni ishara kwamba dhati ya najisi bado ipo. Ladha ndiyo nzito kuliko zote, na ikibaki haipewi msamaha huo. (Namna ya kuipima ladha hiyo ni suala ambalo mwanafunzi wa madrasa hufurahia kuliuliza kuliko mwalimu anavyofurahia kulijibu.) Uzito wa suala zima umo katika neno ishara. Rangi haichukiwi kwa urangi wake. Inaogopwa pale tu inaposhuhudia kwamba chenyewe kilichokuwapo hakijaondoka.

Sasa gundi yenyewe. Lebo ya kujibandika ilianza kufanyiwa biashara mwaka 1935 mjini Los Angeles na R. Stanton Avery, chini ya jina la Kum Kleen, jina lililoahidi kwamba lebo ingebanduka pasi na kuacha kitu. Ahadi hiyo imeshindwa katika majiko mengi kwa sababu iliyo ndani ya gundi. Gundi za aina hii, ziwe za mpira uliochanganywa na utomvu au za akriliki, hazikauki kama gundi ya seremala. Hubaki katikati ya uowevu na ugumu. Zikigandamizwa hutambaa polepole zikaingia kwenye mikwaruzo midogo ya chombo, na zikivutwa hukaza. Kadiri muda unavyopita, hewa, joto na mwanga huibadilisha ile ya mpira: hulainika ikawa ulimbo, kisha hukakamaa na kugeuka njano. Maji matupu hayaiwezi kwa kuwa haiyeyuki ndani yake. Mafuta ya kupikia huipenya na kuivimbisha hadi ikaachia, mradi mtu awe na subira, na maji ya moto huilegeza. Asetoni, iliyomo katika dawa nyingi za kuondolea rangi ya kucha, ni ya haraka zaidi, na kwenye kioo haina madhara. Lakini ukiipaka kwenye plastiki ya polistairini au ya akriliki unayeyusha chombo pamoja na gundi, na ukiipaka kwenye kinyago kilichopigwa vanishi, vanishi huondoka kabla hujamaliza kujuta. Petroli na thina hushika moto kwa mvuke wake tu, na sijui lebo inayostahili hatari hiyo ndani ya nyumba.

Jambo ambalo wasuguaji hulisahau ni hili: gundi ikishatoka kweli, mara nyingi alama inayobaki haiko juu ya chombo tena. Ndoo ya plastiki iliyokaa juani miaka miwili imepauka kote isipokuwa pale palipofunikwa na karatasi. Mraba ule wenye rangi kali si uchafu wa lebo. Ni ndoo kama ilivyotoka kiwandani, na kilichobadilika ni pembeni yake. Kuifuta alama hiyo kuna maana moja tu, nayo ni kuikwangua sehemu nzima mpaka ifanane na iliyochakaa. Mkono unaoendelea kusugua baada ya dhati kuondoka hauna tena cha kuondoa ila kitu chenyewe.

Kuna ushahidi mzito kuliko ndoo. Hati za Bahari ya Chumvi, zilizoanza kupatikana mwaka 1947 karibu na Qumran, zina baadhi ya nakala za kale kuliko zote tulizonazo za Biblia ya Kiebrania. Katika miaka ya 1950 wasomi waliokuwa wakiunganisha vipande vyake katika makumbusho ya Rockefeller mjini Jerusalem walivishikanisha kwa selotepu. Gundi ikazeeka, ikapenya ngozi, ikaitia weusi hata maandishi mengine yakawa hayasomeki. Tangu mwaka 1991 Mamlaka ya Mambo ya Kale ya Israeli imekuwa na maabara ya kuzihifadhi hati hizo, na sehemu kubwa ya kazi yake imekuwa kuitoa selotepu na mabaki yake, kipande baada ya kipande, kwa miongo. Wahifadhi hawa wanatafuta nini? Gundi inaendelea kuidhuru ngozi na inamficha msomaji maneno, kwa hiyo itoke. Na hapo ni wakali kama Nawawi kwa nta. Lakini hakuna mhifadhi mwenye akili timamu anayetaka ngozi ya miaka 2000 ionekane ya jana. Makunyanzi, kingo zilizoliwa na weusi wa umri vinaachwa, na kanuni yao ni kwamba lolote wanaloliongeza leo liweze kuondolewa kesho na wengine. Watu wa taaluma isiyohusiana na udhu kwa lolote wamefika kwenye mpaka uleule wa dhati na athari, yaani kitu chenyewe na alama yake.

Atasema mtu kwamba gundi si najisi, na kwa hiyo hukumu za twahara hazina kazi kwenye chupa ya jemu. Amesema kweli mwanzo na kukosea mwisho. Gundi ni twahara, lakini nta na unga uliokandwa navyo ni twahara, na bado vinazuia udhu. Hukumu ya kizuizi haikujengwa juu ya uchafu hata kidogo; imejengwa juu ya kazi ambayo kiungo kinatakiwa kuifanya, ambayo ni kupokea maji. Ninachokiazima ni namna hiyo ya kuuliza. Chupa inatakiwa ishike asali, ishikike bila kunata, isikusanye vumbi na sisimizi. Ulimbo unaivuruga kazi hiyo. Mraba uliopauka hauivurugi.

Pingamizi zito zaidi ni la kimaadili. Ukiwaruhusu watu waache alama, yasemwa, utawafungulia mlango wa uvivu. Leo wataacha rangi, kesho ulimbo. Isitoshe, ihsani ni kufanya jambo kwa ukamilifu wake, na sahani ya zawadi yenye baka la lebo haimheshimu mpokeaji. Kwenye uvivu fiqhi imejilinda vya kutosha: msamaha wa rangi haupewi asiyejaribu. Sharti ni kwamba iwe ngumu kutoka, na Mashafi wanataka hata sabuni itumike pale ambapo najisi haitoki bila sabuni. Kwenye ihsani nakubali sehemu ya hoja, na zawadi ina haki yake ya uzuri. Lakini desturi hiyohiyo iliyofundisha ihsani imeweka kikomo: viungo huoshwa mara tatu, na kuzidisha ni makuruhu. Imamu Ghazali, naye Mshafi, aliyefariki mwaka 1111, aliwalaumu katika kitabu chake cha Ihya watu wa zama zake waliomaliza juhudi yao yote katika usafi wa nje huku nyoyo zikiachwa na kiburi na riya, akawakumbusha kwamba Sayyidna Umar alitawadha kwa maji yaliyokuwa katika mtungi wa mwanamke Mkristo. Hakuuchunguza mtungi ulikopitia. Waswasi hujificha nyuma ya ihsani kwa urahisi, na dalili ya kuutambua ni kwamba haufiki mwisho: aliyeondoa dhati anajua amemaliza, lakini anayeifukuza athari hana siku ya kumaliza.

Lipo pingamizi la tatu linaloninyima raha zaidi, kwa sababu linatoka upande wa pili kabisa. Lebo si karatasi tu, ni ushahidi. Mwuzaji anayebandua tarehe ya mwisho wa matumizi na kusugua mpaka pakang'aa amesafisha kopo na kumchafua mnunuzi. Hadithi ya yule mwenye rundo la chakula aliyeacha sehemu iliyolowa chini na kavu juu, akakemewa na Mtume sokoni, inamhusu moja kwa moja. Na dumu la dawa ya kuulia wadudu shambani ni baya zaidi. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Chakula na Kilimo yanaelekeza kwamba chombo cha sumu hizo kikishaisha kisuuzwe mara tatu, kitobolewe, na kisitumike kamwe kwa maji wala chakula. Aliyelibandua lebo na kulisugua akaliweka maji ya kunywa ameondoa athari akaacha dhati, kinyume kabisa cha alichoamrishwa mtu wa udhu. Pingamizi hili halibomoi hoja yangu, ila linailazimisha iseme waziwazi kwamba jicho hudanganya pande zote mbili. Kama wekundu wa hina haumaanishi kizuizi, mng'ao wa dumu nao haumaanishi usalama. Na kabla ya kubandua chochote, lazima iulizwe kama lebo yenyewe ndiyo inayosimama kati ya mtu na madhara. Ikiwa ndiyo, ibaki, hata ikiwa imechanika na kuchakaa.

Limebaki suala moja gumu, la fundi wa viatu au wa vinyago ambaye gundi kali imemgandia vidoleni na wakati wa sala umeingia. Hii ni dhati, si athari; maji hayapiti. Akiwa na asetoni, au mafuta na dakika kadhaa, wajibu wake uko wazi. Asipoweza kuitoa ila kwa kuchuna ngozi, wanazuoni humpeleka kwenye hukumu ya mwenye bandeji, na hapo hutofautiana: miongoni mwa Mashafi wapo wanaomtaka atayamamu pamoja na udhu, kisha airudie sala baadaye kwa kuwa mkono ni kiungo cha tayamamu, na katika madhehebu mengine hatakiwi kuirudia. Mimi huegemea wasiomrudisha, kwa kuwa gundi hiyo ni ya riziki yake na huachia yenyewe ngozi inapojibadilisha siku chache baadaye. Lakini hata waliomtaka arudie hawakumwambia ajichune.