Mkato Uko Wapi?

Chukua orodha ya wakazi 200 wa Masimba, katika eneo la Nyaribari Masaba, Kaunti ya Kisii. Kila mtu ana mstari wake, na sehemu za mstari zimetengwa kwa tabo: jina, kijiji, namba ya simu. Mtu wa 40 anaitwa Nyang'au, wa 43 anaitwa Ong'era, na katika majina yote ni hayo mawili tu yenye ritifaa. Faili la orodha hiyo likisomwa kwa lugha ya kompyuta ya R, kwa amri ya read.table iliyoambiwa tu kwamba kitenganishi ni tabo, watu watakaotokea ni 197.

Hakuna kilichofutwa. R imezoezwa kuiona ritifaa kama mwanzo wa nukuu, na ndani ya nukuu tabo si mpaka tena, wala mwisho wa mstari si mwisho. Basi ilipofika katikati ya jina la Nyang'au ilifungua nukuu, ikaenda ikimeza simu yake, kijiji chake na majirani wawili wazimawazima, hadi ritifaa ya Ong'era ilipoifunga. Mstari uliozaliwa hapo una sehemu tatu kamili, kwa hiyo hata onyo halitolewi. Amri jirani, read.csv, hutambua nukuu mbilimbili peke yake, na ikiambiwa kitenganishi ni tabo ingewaacha watu hao salama.

Herufi ni zilezile, wasomaji wawili, idadi mbili za watu. Je, mpaka kati ya mtu na mtu ulikuwa ndani ya faili, au uliletwa na msomaji?

Gusii, nchi ya Wakisii, inalifahamu swali hili kupitia mlango mwingine. Waadventista Wasabato walifungua misheni ya Nyanchwa, karibu na mji wa Kisii, mwaka 1912, na hadi leo wamejaa vilima hivi, wakiishi bega kwa bega na Wakatoliki. Katika Luka 23:43 Yesu anamwahidi mhalifu aliyesulubiwa pamoja naye kwamba atakuwa naye peponi. Neno “leo” linaangukia upande gani? Biblia nyingi za Kiswahili zimeweka mkato kabla yake: mhalifu anaingia peponi siku ileile. Wasabato, wanaoamini kwamba wafu wamelala hadi ufufuo, huuweka baada yake: ahadi inatolewa leo, pepo itakuja baadaye. Nakala za kale za Kigiriki haziwezi kuamua, maana ziliandikwa bila nafasi kati ya maneno na karibu bila vituo. Hata namba za aya tunazozitaja kwa uhakika mkubwa zilitiwa katika Agano Jipya na mpiga chapa, Robert Estienne, mwaka 1551.

Tofauti ni kwamba mkato wa Luka hubishaniwa waziwazi, mimbarani na njiani kutoka sokoni. Mkato wa faili uliamuliwa na mtu asiyeonekana, ukaitwa chaguo-msingi, na anayeendesha programu huufuata kama muumini ambaye hajawahi kusomewa kanuni yake ya imani.

Mtu atasema dawa ni kukubaliana. Watu wamejaribu. Msimbo wa ASCII ulitenga alama nne, namba 28 hadi 31, kwa kazi hii tu ya kutenga, lakini kibodi haikuzipa vitufe na karibu kila mtu akazisahau. Hati ya RFC 4180 ilikuja Oktoba 2005, miongo mingi baada ya watu kuanza kutenga data kwa mkato, nayo inajieleza kuwa maelezo ya desturi iliyopo, si sheria. Python ilikuwa na unyofu zaidi: moduli yake ya csv, iliyoingia na toleo la 2.3 mwaka 2003, huziita namna hizi lahaja, na humruhusu msomaji kutaja anasoma lahaja ipi.

Si kila orodha huumia: mkulima wa chai ana namba yake ya mauzo, na namba haina ritifaa. Orodha za basari, za harambee na za washiriki wa kanisa huanza na jina. Huko ndiko Nyang'au hugeuka Nyangau, ingawa ng' na ng ni sauti mbili katika Ekegusii, lugha ya Wakisii, kama zilivyo katika Kiswahili. Mwenye jina ndiye anayeambiwa ajirekebishe, ilhali katika R ingetosha kuandika quote = "".